Damu Moja, Karatasi Mbili

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yangu, na akanionya nisiwachoshe. Ananijua. Anajua pia kwamba nyinyi mnaosomea maabara siku hizi mkisoma sentensi tatu bila picha mnaanza kutafuta chaja. Basi jikazeni kidogo. Mimi ni Rose Nafula, nimestaafu, nafuga kuku Kangemi bila mwenye nyumba kujua, na ugali wangu niliupata kwa miaka mingi kwa kutazama seli za watu zikiwa bado hai. Sehemu ya miaka hiyo naisimulia kwa fahari. Sehemu nyingine naisimulia kwa sababu mwalimu wenu amesema hiyo ndiyo mnayoihitaji zaidi, na yeye si mtu wa kubishana naye.

Bosi wangu wa kwanza aliitwa Bwana Odhiambo, mtu mrefu, mnadhifu, mwenye ulimi wa wembe. Nilipotoka chuoni nikijiona nimefika, aliniketisha mbele ya hadubini na kunipa sindano. "Jidunge," akasema. Akaniamuru nitengeneze slaidi kumi za damu yangu mwenyewe, kila moja kwa namna yake. Moja nibonyeze kifuniko cha kioo kwa nguvu. Moja niweke polepole. Moja niiache nikanywe chai kisha nirudi. Moja nisiifute vumbi, na kadhalika hadi zote zikaisha.

Nikatazama. Kwenye slaidi moja chembe nyekundu zilikuwa zimepangana kama chapati kwenye hotipoti. Kwenye nyingine zilikuwa zimeota miiba. Kwenye ile niliyoiacha, ukingo ulikuwa umekauka na kutoa vitu virefu virefu vya kung'aa, ungeapa ni minyoo.

"Umeona magonjwa mangapi?" akaniuliza.

"Karibu kumi."

"Na wewe uko mgonjwa?"

"Hapana, Bwana Odhiambo."

"Basi hayo yote ni magonjwa ya mkono wako. Rudia."

Nilirudia wiki nzima, hadi vidole vikawa kama kichungi cha chai. Ndiyo maana nikisikia mmoja wenu analalamika kwamba amechoka kufanya slaidi tatu, nacheka peke yangu hadi kuku wananishangaa. Lakini siwezi kucheka sana, kwa sababu hilo somo nililopewa kwa damu yangu mwenyewe nilikuja kulisahau. Sikulisahau kichwani. Nilikubali tu kutolikumbuka, na kuna tofauti.

Ilikuwa hivi. Baada ya miaka mingi kwenye maabara za hospitali, kwenye viti visivyo na mgongo, nilipata kazi Westlands, ghorofa ya nne, kwenye kliniki yenye zulia na maji ya limau ya bure. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mteja anakaa, unamdunga kidole, unaweka tone chini ya hadubini, na damu yake inaonekana ukutani kwenye skrini kubwa kama kitanda. Haijapakwa rangi, haijakaushwa, iko hai. Niwaambie ukweli, ni kitu cha kupendeza. Mtu mzima na tai yake ananyamaza kama yuko kanisani. Chembe nyeupe inajikokota kati ya zile nyekundu, nami namwambia, "Huyo ni askari wako, anapiga doria." Hadi hapo sikuwa nimedanganya mtu.

Uongo ulianza na karatasi. Mwenye kliniki, ambaye tulimwita Mkurugenzi kwa sababu alipenda hivyo, alitupa chati iliyofunikwa plastiki. Chembe zikipangana kama chapati: mteja ana aleji ya maziwa. Zikiota miiba: ngano. Vitu vya kung'aa: sumu au minyoo, kutegemea tumebakisha dawa gani kwenye kabati. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimsikia Bwana Odhiambo akikohoa ndani ya kichwa changu. Nikamnyamazisha. Kiti kilikuwa kizuri, na watu walinishukuru huku wakiniita Daktari, jina ambalo kule hospitalini hakuna aliyewahi kuniita hata kwa bahati mbaya.

Kisha ikaja tabia ambayo naona haya kuiandika. Chati haikutosha kujaza karatasi ya mteja, kwa hiyo nilianza kujaza kwa kumtazama mtu mwenyewe. Akija na saa ya maana na funguo za gari, namkataza jibini, mvinyo na kahawa. Akija na viatu vya matope, namkataza maharagwe na viazi. Wote walishangaa, "Umejuaje nakula hiyo?" Nami nikatabasamu kama nabii. Nilikuwa nasoma viatu, wapenzi wangu, huku damu ya watu inatembea ukutani.

Wambui alikuja siku moja saa ya lanchi, bado na kofia ya kazi mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mutuini, akitengeneza sandwichi kwenye jiko la jengo moja la ofisi pale karibu. Akaanza kunieleza.

"Daktari, nilikuwa birthday ya mtoto wa brother yangu, nikafura mdomo, mpaka macho ikafunga. Hata cake ilikuwa..."

"Keki," nikamkatiza. Tayari nilikuwa naandika. Maziwa, mayai, ngano. Nikatazama viatu vyake, nikaongeza maharagwe. Skrini ilionyesha chapati zangu za kawaida, maana nilikuwa na haraka na nilibonyeza kioo vibaya. "Utakula nini? Kula ndizi mbivu na avokado. Nyingi. Ni nyepesi kwa mwili."

Alitii. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alitii vizuri kuliko wateja wote niliowahi kuwapata. Baada ya wiki kadhaa alipiga simu. Akila avokado, mdomo unamwasha na koo linabana kidogo. Nikamjibu kwa sauti ya upole, sauti ninayoijua vizuri sana, "Ni sumu inatoka. Mwili unajisafisha. Endelea tu."

Akaendelea. Akaanguka kazini, glavu mkononi, kisu cha avokado bado kwenye ubao. Waliomkimbiza hospitalini walisema hakuwa anapumua sawasawa. Mimi sikujua. Siku hiyo nilikuwa namweleza mama mmoja kuhusu askari wake anayepiga doria.

Nilijua wiki iliyofuata, na mtu aliyenijulisha alikuwa na akili kuliko ghorofa yote ya nne.

Siku zile za korona bado tulivaa barakoa. Asubuhi alikuja mama mwenye gambuti za shambani zenye matope na leso kichwani, harufu ya zizi ikamfuata hadi kwenye zulia. Nikamdunga kidole. Nikampa karatasi: aache maharagwe, viazi, na githeri, yaani mahindi kwa maharagwe, kabisa. Akashukuru, akaenda. Saa tisa akaja mama mwingine, suti ya rangi ya samawati, wigi, mkoba wa ngozi, akaandikisha jina la Kizungu na kusema anatoka Kitisuru, kule kwa matajiri. Nikamdunga bila kuutazama mkono wenyewe. Nikampa karatasi: jibini, mvinyo, nyama nyekundu, na ajaribu kupunguza mawazo. Hakushukuru. Alivua barakoa, kisha wigi, akaitoa ile leso mkobani na kuifunga kichwani taratibu akinitazama.

"Daktari, unanijua?"

Nilimjua. Akaweka karatasi ya asubuhi mezani kando ya ile ya alasiri. Akanyoosha mkono wa kushoto, plasta mbili, vidole viwili vilivyokaa jirani.

"Mkono ni moja. Damu ni moja. Hata sijakula kitu tangu asubuhi, nisikuharibie kazi. Sasa niambie, hii githeri umenikataza nikiwa na gambuti, mbona nikivaa suti umenirudishia?"

Ningeweza kujitetea. Kuna maneno ya kujitetea, Mkurugenzi alitufundisha. Lakini alikuwa hajamaliza. Alitoa karatasi ya tatu, imekunjwa hadi imechakaa, mwandiko wangu.

"Mimi ni Mama Wambui. Nina ng'ombe anaitwa Karembo, ndio amesomesha huyo msichana kutoka nursery. Umemwambia maziwa ya Karembo ni sumu. Sawa. Akaacha. Akakula avokado yako kama umemwambia. Sasa ako hospitali, amekonda mpaka nguo nafunga na pini, na hakuna kitu anakubali kuweka kwa mdomo, hata maji anauliza imetoka wapi. Next week wanamtoa. Nampeleka nyumbani nikamlishe nini? Asipoamka mara ingine?" Akaivuta ile karatasi karibu nami. "Nataka unisomee hapa. Mtoto wangu anaumwa na nini?"

"Sijui," nikasema.

"Ehe. Sasa umeanza kusema ukweli. Ongeza."

Nilivua koti nikaliweka kwenye kile kiti kizuri. Ningependa kuwaambia nilijiuzulu kwa hotuba. Nilimwomba tu Mama Wambui anipeleke kwa mtoto wake, naye akazikunja karatasi zote tatu, akakubali.

Wambui alinigeuzia uso ukutani. Nikamwambia, "Anza tena. Ile siku ya birthday. Sitakukatiza." Ilichukua muda, na mama yake akamsihi. Mwishowe alizungumza akiangalia ukuta.

"Nilikuwa nimesema hata cake ilikuwa haijakatwa. Mimi nilikuwa nablow baluni tu. Baluni kama thelathini. Ndio mdomo ikafura."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoikata katikati, ule mchana wa lanchi. Kama ningemwachia pumzi moja zaidi angenipa jibu bure, bila hadubini, bila skrini.

Daktari wake wa aleji, dada mmoja mpole aitwaye Mwende, aliposikia habari ya kupuliza baluni aliweka kalamu chini. Baluni ni mpira. Glavu zake za kazini ni mpira. Na kuna watu ambao mwili wao ukishauchukia ule utomvu wa mpira, huichukia pia avokado, na ndizi, kwa sababu mwili unaona ni ndugu wa ukoo mmoja. Alimkataza hivyo vyote mara moja. Lakini alitaka uhakika, na kwa vile Wambui nusura afe, hakutaka kumpima kwa kumdunga ngozi na kitu hicho hicho. "Wacha tuulize seli zake zikiwa nje ya mwili," akasema. Alingoja wiki chache kwanza, kwa sababu seli zilizotoka vitani zinahitaji kupumzika. Na maabara ya utafiti aliyotaka kuitumia, mkubwa wa kile chumba alikuwa nani? Bwana Odhiambo, amezeeka, mnadhifu vilevile. Nilijitolea kumpelekea damu. Ilikuwa njia yangu ya kutubu.

Hapa sasa tulieni, maana ndiyo kazi yenyewe. Katika damu kuna seli chache nyeupe zinazobeba vile vitu vinavyoleta uvimbe na mwasho. Unachukua damu mbichi, unaigawa kwenye tyubu ndogo. Moja unaitia maziwa kidogo, moja yai, moja avokado, moja mpira. Seli ikikutana na adui wake inaamka na kubadilisha uso wake, na mashine inaona. Ikikutana na rafiki inakaa kimya. Unaweka pia tyubu isiyotiwa kitu, ambayo lazima inyamaze, na tyubu yenye dawa ya kuamsha, ambayo lazima iamke. Hizo mbili ndizo zinazokuambia kama una haki ya kuzungumza.

Mimi, mtaalamu wa miaka mingi, nilichukua damu ya Wambui kwa Daktari Mwende katikati ya jiji, nikaizika kwenye barafu ndani ya kikasha, nikaifunga vizuri, nikaipeleka kwa madaha. Damu zote maishani mwangu zilisafiri kwenye barafu. Matokeo yakatoka: maziwa kimya, yai kimya, avokado kimya, mpira kimya. Moyo ukaruka. Hana kitu! Bwana Odhiambo akanionyesha tyubu ya mwisho, ile ya kuamsha. Nayo kimya.

"Nafula, ulizileta na nini?"

Nikamwonyesha kikasha.

"Nilikuomba seli hai, mama. Wewe umeniletea matanga." Akazima mashine. "Na ungekuwa kule kwako kwa skrini, ungempigia simu umwambie amepona, sivyo?"

Ndivyo hasa ningefanya. Kwa ukimya ule ule wa seli zilizogandishwa, yule msichana angerudi kwenye glavu zake Jumatatu.

Kwa hiyo, vijana, seli hai hazipendi barafu, hazipendi jua, hazipendi kutikiswa wala kungojeshwa hadi kesho. Hilo mnaweza kulisoma kitabuni. Kitabu hakitawaeleza ilivyo kumrudia mgonjwa anayewadai msamaha na kumwomba mkono wake tena. Wambui aliunyoosha. Safari ya pili tyubu ilisafiri ndani ya mkoba wangu, wima, imefungwa kwa kitambaa changu cha kichwa, mbali na barafu na mbali na dirisha. Magari yaliposimama kwa foleni Waiyaki Way kama kawaida yao, nilishuka nikamalizia kwa miguu, mkoba kifuani. Mwendesha boda mmoja akanipigia kelele, "Mathee, umebeba mayai?" Nikamwambia ndiyo, asinisogelee.

Mara hii tyubu ya kuamsha iliamka. Ile tupu ikanyamaza. Maziwa, kimya. Yai, kimya. Avokado, zikaamka. Mpira, zikaamka hata zaidi. Bwana Odhiambo alisoma mara mbili, kisha akaniambia niandike, naye akasimama nyuma yangu nikiandika. Na bado, alinikumbusha, sisi hatumwambii mgonjwa ana nini. Tunampa daktari jibu la swali moja, naye analiweka kando ya habari ya baluni. Kuna watu ambao seli zao hazijibu chochote hata ufanyeje, na hapo mtu mwaminifu huandika kwamba kipimo hakikusema kitu.

Daktari Mwende aliridhika kuhusu avokado na mpira. Shida ilikuwa Wambui. Karatasi iliyosema maziwa ni salama hakuiamini, na nani angemlaumu? Karatasi ndiyo ilimfikisha pale. Ikabidi anywe mbele ya daktari, kidogo kidogo, sindano ya dharura ikiwa tayari mezani. Mama Wambui alileta maziwa ya Karembo, yamechemshwa, kwenye thamosi. Niliomba ruhusa ya kukaa pembeni.

Kijiko kimoja. Tukangoja. Wambui alikuwa akigusa midomo yake kila mara kwa kidole. Vijiko viwili. Tukangoja. Katika maisha yangu nimetazama seli nyingi, lakini sijawahi kutazama kitu kama nilivyoutazama ule mdomo. Robo kikombe. Nusu. Hatimaye Wambui aliangalia ndani ya kikombe, akamwangalia mama yake.

"Mum, hii umeweka maji?"

"Ngai! Mimi niweke maji kwa maziwa?" Na akaanza kulia, huku bado anamfokea, huku anamiminia kikombe kijae.

Nikasimama nimwombe msamaha. Nilikuwa nimeupanga, maneno mazuri. Mama Wambui alinisikiliza hadi mwisho, akafuta macho, akafunika thamosi.

"Hiyo nimeskia. Na wengine je?"

"Wengine nani?"

"Wale wengine umeandikia. Mimi nilikuja na suti nikakushika. Wao nani atakaa nao hivi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani atakamua jioni.

Mkurugenzi alikataa kunipa daftari la wateja, lakini wengi walikuwa wamenipigia kwenye simu yangu mwenyewe, kuuliza kama mayai ya kienyeji ni mayai. Nilianza kuwapigia. Nawaambia mimi ndiye niliyewapa ile karatasi, kwamba haikuwa na msingi wowote, na kwamba waende kwa daktari wa kweli kabla ya kubadilisha chochote. Wengine wamenitukana kwa lugha ambazo sikujua zipo. Mzee mmoja wa Kitisuru nilimsikia akimwita mke wake alete mkate. Nambari moja ilipokelewa na kijana akaniambia mama yake alishafariki. Nikasema pole. Nilikuwa na swali, kama aliifuata karatasi yangu, na nikakosa ujasiri wa kuliuliza.

Zimebaki nambari ambazo hazipatikani. Watu hubadilisha laini, huhama, hurudi mashambani. Nazijaribu kila Jumatatu nikishawapa kuku maji. Kwa hiyo, popote mtakapoajiriwa, mkikutana na mtu mwembamba anayeogopa maziwa kwa sababu ya picha aliyoonyeshwa ukutani, msimcheke. Muulizeni ilianza vipi, na mumwache amalize. Kisha mwambieni Rose Nafula, aliyekuwa Westlands ghorofa ya nne, anamtafuta.